Ratili ya Nyama Bila Maneno

Filamu kongwe kuliko zote zinazojulikana kutokana na tamthilia za Shakespeare inamwonyesha mfalme anayekata roho. Ilipigwa London mwezi wa Septemba 1899, katika studio isiyo na paa kando ya mto Thames. Mfalme ni Herbert Beerbohm Tree, mwigizaji aliyekuwa na ukumbi wake mwenyewe, na ambaye mwezi huo huo alikuwa akiifungua King John jukwaani. Yalipigwa maonyesho manne mafupi. Limebaki moja, lililokutwa Uholanzi, nalo ni la dakika moja na kitu: mfalme amekaa kitini, amekwishalishwa sumu, anajikunja na kujinyoosha, mikono inatafuta kitu hewani, mdomo unafunguka na kufungika.

Katika tamthilia, mfalme huyu anaeleza kwa urefu namna sumu inavyomuunguza ndani. Katika filamu haelezi chochote. Nimeitazama mara nyingi kwenye simu, mara nyingine ndani ya daladala ya Fuoni nimebanwa na kikapu cha mtu, na kila mara najikuta nikiisoma midomo yake kana kwamba nikitulia sana nitasikia kitu.

Tamthilia ni maneno. Ondoa taa, ondoa mavazi, ondoa hata jukwaa, bado unaweza kuisoma peke yako chumbani. Ukiondoa maneno unabaki na watu waliovaa nguo za ajabu wanaorusha mikono. Sasa ilikuwaje watu wa mwanzo wa sinema, wenye chombo kisichoweza kutoa hata silabi moja, wakaikimbilia tamthilia? Hilo ndilo swali nililoliandika katika pendekezo la tasnifu yangu ya uzamili. Msimamizi wangu alirudisha karatasi na swali lake mwenyewe pembeni, kwa wino mwekundu: Zanzibar inaingia wapi?

Swali la haki. Zanzibar inaingia mapema, tena inaingia kwa mlango wa kitabu kabla ya mlango wa sinema. Lakini kwanza nimalize habari ya biashara, maana sababu za watu wa sinema zilikuwa za biashara zaidi kuliko za sanaa. Sinema ilianza kama mchezo wa maonyesho ya barabarani, kitu cha kutazamwa baina ya mwanasesere na mla moto. Wenye kampuni walitaka heshima, na heshima ilikuwa kwenye majumba ya tamthilia. Shakespeare alikuwa na heshima kuliko wote, na juu ya hayo alikwishakufa zamani, hivyo hakudai hakimiliki. Mwaka 1908 peke yake kampuni ya Vitagraph ya New York ilitoa Romeo and Juliet, Othello, Macbeth, Richard III na Julius Caesar. Mwaka huo huo Percy Stow wa Uingereza aliibana The Tempest nzima katika dakika kama 12, na D. W. Griffith akatoa The Taming of the Shrew. Wafaransa nao walianzisha kampuni iitwayo Film d'Art na kuwaita waigizaji wa Comédie-Française waje kuigiza mbele ya kamera.

Dakika 12 kwa tamthilia ya saa tatu. Hilo haliwezekani ila kwa sharti moja: mtazamaji awe anaijua hadithi kabla hajaingia ndani. Akiona mzee mwenye fimbo na msichana ufukweni, ajazie mwenyewe ni nani na wamefikaje pale. Filamu hizo zilikuwa zinakumbusha tu, kazi ya kusimulia ilikwishafanywa na wengine: walimu, vitabu, wazazi. Kwa hiyo ukitaka kujua filamu kama hiyo ingekuwa na maana gani mahali fulani, uliza watu wa mahali hapo walikuwa na hadithi gani vichwani mwao.

Unguja, mmoja wa waliojaza vichwa hivyo alikuwa Edward Steere.

Steere alifika mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Wengi wetu tunamjua kwa kanisa la Mkunazini, ambalo yeye ndiye aliyelijenga na ndimo alimozikwa, au kwa sarufi yake ya Kiswahili. Wanafunzi wa fasihi wanamjua pia kwa kitabu cha Swahili Tales cha mwaka 1870, ambamo alikusanya hadithi za watu wa Unguja na kuwapelekea Waingereza. Kinachosahaulika ni kwamba miaka mitatu kabla yake alikuwa amefanya safari ya kinyume. Mwaka 1867, kwenye mtambo wa chapa wa misheni hapa hapa mjini, kilichapwa kijitabu kiitwacho Hadithi za Kiingereza. Ndani yake mna hadithi nne za Shakespeare kwa Kiswahili: ya mwanamke mkaidi anayetiishwa na mumewe, ya mfanyabiashara wa Venisi, ya Mfalme Lear na binti zake, na ya Timon wa Athens, tajiri aliyefilisiwa na marafiki.

Steere hakutafsiri tamthilia zenyewe. Alitafsiri kutoka kwa Charles na Mary Lamb, ndugu wawili waliozifupisha tamthilia hizo mwaka 1807 ziwe hadithi za nathari za kusomwa na watoto wa Kiingereza. Kwa hiyo Shakespeare alifika Unguja akiwa amekwishavuliwa mara mbili, kwanza ushairi na jukwaa, halafu lugha yake. Kilichobaki ni hadithi: palikuwa na mtu, akafanya hivi, likampata hili. Kwa kitu kama hicho Unguja haikuhitaji kufundishwa na mtu. Ni mji wa paukwa pakawa.

Na waliokichapa ni nani? Misheni ilianza na wavulana watano ambao Sultani Majid alimkabidhi Tozer mwaka 1864, watoto waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Wengine wakaongezeka kwa njia hiyo hiyo, na ni wavulana wa namna hiyo waliofundishwa kazi ya chapa, kupanga herufi moja moja za risasi na kupaka wino. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa bado liko wazi. Lilifungwa mwaka 1873. Nikikifikiria kijitabu hiki siwezi kuruka hapo. Hadithi ya Venisi ni ya mtu anayekopa fedha na kuweka rehani ratili ya nyama ya mwili wake, na mahakama nzima inakaa kupima kama hati ya deni inaweza kula mwili wa mtu. Watoto waliopanga herufi za hadithi hiyo walikuwa wameshauzwa, mwili mzima, na nje ya dirisha lao wengine walikuwa wanauzwa bado, na hakuna hakimu aliyekaa kutafuta kasoro katika hati zao.

Wala deni halikuwa jambo geni kwa msomaji yeyote wa mjini. Unguja ya wakati ule ilikwenda kwa mkopo. Mwenye shamba la karafuu alikopa kwa mfanyabiashara wa Kihindi, mwenye msafara wa bara alikopa, na Sultani mwenyewe alikuwa na deni kubwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, ambayo wakala wake, Ladha Damji, ndiye aliyeshika forodha. Sioni vigumu kukisia ni nani aliyekuja akilini mwa msomaji wa Shangani alipofika kwa mkopeshaji wa hadithi, mtu wa dini nyingine, anayeshikilia hati yake. Hapo ndipo nami naanza kuwa na wasiwasi.

Kwa sababu Shylock wa Shakespeare, kwa ubaya wake wote, anapewa nafasi ya kujitetea. Kuna mahali anasimama na kuuliza kama Myahudi hana macho, kama hana mikono, kama akichomwa hatoki damu. Mtu anaweza kuichukia nia yake na bado asiweze kulijibu swali lake. Ndugu wawili Lamb waliliacha swali hilo nje. Labda waliona si la watoto. Basi Shylock akaingia katika Kiswahili cha 1867 bila utetezi wake. Alibaki na hati mkononi na ubaya moyoni, basi.

Sasa twende mbele miaka 43. Mwaka 1910 kampuni ya Film d'Arte Italiana ilitoa Il mercante di Venezia na Re Lear, zote mbili zikiongozwa na Gerolamo Lo Savio, na katika zote mbili mhusika mkuu ni Ermete Novelli, nyota wa jukwaa la Kiitalia. Hadithi mbili kati ya nne za Steere, mwaka mmoja, mwigizaji mmoja. Zimetiwa rangi kwa mkono, fremu baada ya fremu: joho jekundu, nguo ya kijani, anga la Italia. Zinapatikana siku hizi zikiwa safi, na nawashauri wasomaji wazitafute, kwa sababu ni nzuri kuzitazama kuliko nyingi za umri wao.

Novelli anamcheza Shylock kwa mgongo, kwa vidole, kwa ndevu. Ni mchezo wa ustadi, nami sina la kumlaumu. Lakini tazama hadithi yenyewe. Vitu vyake vya kushikika vinabebeka bila sauti: karatasi ya mkataba, mfuko wa fedha, kisu. Kinachogeuza kesi hakibebeki. Portia anashinda kwa neno: hati inasema nyama, haikusema damu. Huo ni ujanja wa kisheria, unaishi ndani ya lugha, na filamu bubu lazima isimame na kuweka maandishi ndipo ueleweke. Na lile swali la Shylock? Hata angelitamka mbele ya kamera, tungeona mzee anayepayuka. Mdomo unafunguka na kufungika. Kilio chake na tishio lake vina sura moja.

Hapo ndipo nilipopata jibu la kumpelekea msimamizi wangu. Tunazoea kusema filamu bubu ziliwanyamazisha wahusika wote sawasawa. Si kweli. Mfalme akinyamazishwa anabaki na taji, askari anabaki na upanga, mpenzi anabaki na uso wake mzuri. Anayepoteza kila kitu ni yule ambaye silaha yake pekee ilikuwa maneno. Kitabu cha Steere na filamu ya Lo Savio havikujuana, lakini vilimfanyia Shylock jambo moja. Mwaka 1969, miaka 102 baada ya chapa ya misheni, Julius Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi, tamthilia yote kwa shairi la Kiswahili, na humo Shylock anauliza swali lake kikamilifu. Kuhusu jina la kitabu, ambapo mfanyabiashara mmoja wa Shakespeare amekuwa mabepari wengi, watu wamesema mengi, na mwaka ule, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, halikuhitaji maelezo. Mimi ninachokiona zaidi ni kwamba jina hilo linamhukumu Antonio pamoja na Shylock. Steere asingethubutu.

Turudi Unguja, maana wakati Ulaya inapiga filamu hizi, sinema ilikuwa imeshavuka bahari. Mfanyabiashara aliyefanya kazi kubwa kuliko wengine ni Hassanali Jariwalla. Alianza kwa maonyesho ya kuhamahama, na mwaka 1921 likafunguliwa jumba lake la Royal pale Vuga, lililochorwa na J. H. Sinclair, yule yule aliyechora Mahakama Kuu na jumba la makumbusho la Beit el Amani. Liliitwa Royal Cinema Theatre, jina lenye sinema na jukwaa ndani yake. Mwaka huo huo huko Ujerumani, Asta Nielsen alitoa Hamlet yake, ambamo mwana wa mfalme wa Denmark kumbe ni msichana aliyelelewa kama mvulana ili kiti cha enzi kisipotee. Naitaja kwa kupita tu, ijapokuwa ni filamu ninayoipenda kuliko zote za aina hii.

Royal ilionyesha filamu za Marekani na Ulaya, na ilionyesha za India. Hizi za mwisho ndizo zinazonihusu, maana sharti la mtazamaji kuijua hadithi mapema lilitimia Vuga kwa namna ambayo halikutimia kwa Macbeth. Wahindi wengi wa Unguja walitoka Kutch na Kathiawar, pwani ya Gujarati. Na Gujarati ya karne ya 19 ilikuwa nchi ya vikundi vya tamthilia vilivyozunguka miji na hadithi moja iliyotangulia zote: ya Mfalme Harishchandra, aliyetoa ufalme wake, kisha akamuuza mkewe na mwanawe, kwa kuwa hakutaka kuvunja ahadi aliyoitoa. Gandhi anaeleza katika maisha yake kwamba aliiona tamthilia hiyo akiwa mtoto Rajkot na hakuchoka nayo, akaicheza peke yake kichwani mara zisizo idadi. Gandhi huyo huyo, mwaka 1893, alikaa Unguja siku kadhaa akisubiri meli ya kusini. Kijana wa miaka 23 na hadithi hiyo kichwani, anazunguka mitaa hii hii.

Dadasaheb Phalke alipotaka kutengeneza filamu ndefu ya kwanza ya Kihindi, hakuchagua nyingine. Raja Harishchandra ilionyeshwa Bombay tarehe 3 Mei 1913. Hakupata mwanamke wa kukubali kuigiza, hivyo malkia Taramati alichezwa na mwanamume, Anna Salunke, aliyekuwa mpishi. Phalke alichota pia katika visa vya kale na michoro ya dini, lakini jukwaa linaonekana katika kila pozi. Calcutta ilikwenda moja kwa moja: J. F. Madan alikuwa mtu wa tamthilia za Waparsi, akanunua vikundi vizima vya waigizaji, kisha akavigeuza vikundi hivyo kuwa filamu, na mwaka 1917 akatoa Harishchandra yake. Watu hawa walimchukua hata Shakespeare. Waandishi wa Bombay walikuwa wamekwishamvika nguo za Kiurdu jukwaani, na nguo hizo zikapelekwa mbele ya kamera: mwaka 1927 Dil Farosh, yaani muuza moyo, ambayo ni ile ile hadithi ya Venisi, na mwaka 1928 Khoon-e-Nahak, damu isiyo haki, ambayo ni Hamlet. Zote bubu.

Mwaka huo wa 1928 ndio Siti binti Saad alipopanda meli kwenda Bombay kurekodi. Sauti yake ikarudi Unguja ndani ya santuri, bila uso. Kutoka bandari hiyo hiyo zilikuja nyuso ndani ya mikebe ya filamu, bila sauti. Watu wa Unguja walikuwa wakipokea nusu mbili za binadamu kutoka mji mmoja, na hakuna aliyeona ajabu.

Filamu hizo nyingi hazipo tena. India ilitengeneza zaidi ya elfu moja za kipindi cha bubu, na zilizobaki ni chache mno; hata ya Phalke kilichohifadhiwa Pune ni vipande. Mkanda wa zamani ulikuwa wa nitreti, unaoza na kuwaka. Majumba nayo yalifuata. Royal iliungua miaka ya hamsini, na mahali pake pakajengwa Majestic mwaka 1955 kwa mchoro wa Dayalji Pitamber Sachania. Majestic ipo mpaka leo, uso wake mzuri umetazama barabara, na nyuma ya uso huo paa la ukumbi limeanguka na popo wanaingia na kutoka kama wenye tiketi.

Kitu kimoja kinachonisumbua katika maandishi mengi kuhusu sinema bubu ni kuandika kana kwamba kumbi zenyewe zilikuwa kimya. Hazikuwa. Japani palikuwa na wasimulizi wa kulipwa waliosimama kando ya pazia, na walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji. Marekani, Frederick Warde, mzee wa jukwaa aliyeicheza Richard III mwaka 1912 mbele ya kamera, alizunguka miji na filamu yake, akaieleza na kuyasema maneno ya Shakespeare kwa kinywa chake mbele ya picha yake mwenyewe isiyosema. India, mwenye kujua kusoma aliyasoma maandishi kwa sauti ili jirani asikie. Na kwetu Tanzania kazi hii haikufa hata baada ya filamu kupata sauti. Aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video Dar es Salaam akimsikiliza Lufufu akiitafsiri filamu ya kigeni, akiongeza utani na kuwapa wahusika majina ya mtaani, amemwona mrithi wa watu hao.

Bibi yangu ni mrithi wao pia, ingawa hakulipwa. Alizaliwa Ng'ambo, na ujana wake ulipitia Majestic na Empire, kwenye maonyesho ya zanana, ya wanawake watupu. Hakujua Kihindi wakati ule wala hajui sasa. Kwa hesabu yangu, mtu anayetazama filamu ya Kihindi bila kujua Kihindi anatazama filamu bubu yenye nyimbo. Akirudi nyumbani aliwakuta wadogo zake wawili, ambao baba yao hakuwaruhusu kwenda senema, wamekaa ukumbini wanamngoja. Akawahadithia yote kwa Kiswahili, nani kasema nini, neno kwa neno. Maneno hayo aliyatunga yeye. Wadogo zake, ambao nao sasa ni wazee, wanayakumbuka mpaka leo kama maneno ya filamu.

Sikio lake siku hizi limekwenda. Televisheni inamchosha, anaona watu wanapiga domo tu, na ukimwelezea kwa sauti ya kumfikia nyumba ya tatu wanakujibu. Jioni moja baada ya magharibi nilimwekea Re Lear kwenye kompyuta. Niliona ni filamu pekee ambayo mimi na yeye tutaiona sawasawa.

Alitazama vizuri. Mfalme mzee, mabinti watatu, ardhi inagawiwa.

"Kagawa hali yuhai?" akauliza.

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Hiba au urithi?"

Nikamwambia kwa sauti kubwa, hiba, Bibi. Akasema hata hiba mtu hutoa kwa uadilifu baina ya wanawe, na mwenye akili hubakisha nyumba ya kulala. Hapo alikuwa ameshaimaliza kesi ya Lear, na filamu haijafika hata katikati. Kisha binti mdogo akafukuzwa, na Bibi akanishika mkono.

"Simamisha. Huyu mdogo kakosa nini?"

Katika tamthilia kosa la Cordelia ni kutosema. Dada zake wawili wamemwaga asali mbele ya baba yao, na yeye alipoulizwa anampenda kiasi gani akasema hana la kusema. Janga lote linaanzia hapo. Lakini ndani ya filamu bubu hakuna anayesema. Wakubwa wawili wamenyamaza, mdogo kanyamaza, mfalme kanyamaza, na mmoja wao anaadhibiwa kwa ukimya ambao wote wanao. Nimesoma makala nyingi kuhusu Shakespeare katika sinema ya mwanzo, na sikumbuki mwandishi aliyeuliza swali hilo.

Nikaeleza, kwa kelele, mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza kama kuna usalama. Bibi akafikiri. Akaniambia niendelee. Alitazama mpaka mwisho, mpaka mzee alipoanguka juu ya mwili wa mwanawe, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na hakusema kitu.

Siku ya pili nilimkuta uani na yule jirani, wanachambua mchele. Alikuwa anamhadithia. Alikuwa amefika pale mfalme anapowauliza mabinti, na wakubwa wawili walikuwa wameshasema uongo wao, mtamu sana, kauongezea chumvi mpaka jirani anacheka. Ikafika zamu ya mdogo. Bibi akaacha kuchambua, akaweka ungo chini.

"Akamwambia, baba, mimi nakupenda kama mtoto anavyotakiwa kumpenda baba yake, si zaidi. Ukiugua nitakupikia uji. Ukizeeka nitakushika mkono kukupeleka chooni. Hayo hayasemwi mbele za watu. Ardhi yako mpe umtakaye."

"Kasema hivyo?" jirani akauliza.

"Kasema," akajibu Bibi, akauchukua tena ungo wake.